Ndege ndogo za Kivu: nani alizichagua, na kwa nini

Murara, Goma. – Katika mtaa wa Murara, komini ya Karisimbi, watoto wengi walijifunza kutofautisha ndege kwa masikio kabla ya kujua kusoma. Antonov ilikuwa na mngurumo wake mzito. Let ilikuwa na wake. Ile ndogo yenye injini moja na mabawa juu ya madirisha, Caravan, ilipita na sauti nyembamba, na mtu alijua bila kuinua macho kwamba si ya Kinshasa hiyo, ni ya vijijini.

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, sauti hizo zilikatika. Uwanja wa Goma ulifungwa, na katikati ya Februari ule wa Kavumu, upande wa Bukavu, nao ukafuata. Mwenye safari ya Kinshasa akaanza kuvuka mpaka hadi Gisenyi, kupanda basi la Kigali, na kulipa tiketi ya nchi za nje ili afike katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Mwenye mgonjwa Walikale akabaki na barabara, na barabara hiyo kila mkaaji wa Goma anaijua.

Katika maongezi ya uwanja huo kufunguliwa tena, neno moja hurudi kila mara: ndege ndogo. Zianze ndege ndogo. Wengi hudhani ni kwa sababu ya vita tu. Lakini katika nchi hizi swali la ndege gani ifanye safari ndefu lina karibu miaka mia moja, na waliolijibu vibaya wengine walizikwa nalo.

Wa kwanza kukumbukwa ni Mbelgiji Edmond Thieffry, rubani wa vita vya 1914-1918. Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels pamoja na rubani mwenzake na fundi mmoja, katika ndege ya Handley Page yenye injini tatu iliyopewa jina la binti wa mfalme, Princesse Marie-José. Walifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51. Saa walizokuwa angani hasa zilikuwa 75 na kitu. Siku nyingine zote zilikwisha chini, kwa matengenezo, kungojea na hali mbaya ya hewa. Watu walishangilia ushindi wa ndege kubwa, lakini Thieffry mwenyewe alikuwa ameona kwamba Kongo ina umbali mkubwa na viwanja vichache, na kwamba chombo cha kuunganisha bara hili ndani kwa ndani hakiwezi kuwa kile kile kilicholiunganisha na Ulaya.

Ndiyo maana alirudi. Mwaka 1929 alikuwa upande wa Ziwa Tanganyika, akitafiti namna ya kuanzisha safari za ndege ndani ya koloni, na safari hii alichukua ndege ndogo ya aina ya Aviméta 92. Tarehe 11 Aprili dhoruba iliwakuta karibu na ziwa, si mbali na Kalemie ya sasa. Thieffry na mwenzake mmoja walikufa, wa tatu akapona. Alikuwa na miaka 36. Wazo lake la ndege ndogo kwa safari za ndani lilikuwa sawa. Hali ya hewa ya maziwa makuu haikumpa nafasi ya pili. Wavuvi wa Ziwa Kivu wanaoijua mvua ya Aprili inayoshuka kutoka milimani kwa dakika kumi hawahitaji maelezo zaidi.

Mwaka huo huo wa 1929, upande wa mashariki, mjane mmoja mjini Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege. Nairobi inahusu hadithi ya Goma kwa sababu moja ya wazi: miji yote miwili iko juu. Goma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi hivyo hivyo au zaidi kidogo. Bi Wilson na rubani wake Tom Campbell Black walianza na Gipsy Moth, ndege ya mbao na kitambaa, viti viwili, injini ya nguvu za farasi mia moja hivi, mabawa yanayokunjwa ili iingie katika banda kama gari. Ilikuwa dhaifu, ndiyo, ila ilitua kwenye majani, fundi wa kawaida aliielewa, na kipuri chake kilipatikana. Kampuni ilikua hadi vita vya pili vya dunia vilipoifunga, na uwanja wa Wilson wa Nairobi, ambako ndege ndogo za mkoa mzima huu zimekuwa zikipelekwa kutengenezwa, una jina lake.

Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mtu na mke wake, walichagua kinyume kabisa. Walikuwa watengeneza filamu na walikuwa na fedha. Mwaka 1933 walileta ndege mbili za Sikorsky zinazoweza kutua majini na nchi kavu, moja wameipaka milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Hesabu yao ilikuwa kwamba Afrika ya Mashariki haina viwanja lakini ina maziwa. Waliruka kilometa zinazokaribia laki moja kabla ya kurudi kwao. Ni hesabu nzuri kwa mwenye filamu ya kuuza. Kwa mwenye magunia ya maharage ya kuuza, ndege iliyobeba mwili wa mashua chini yake inabeba uzito usio na faida, na hakuna aliyeirudia njia hiyo kwa biashara ya milimani.

Uchaguzi unaostahili kutazamwa kwa makini ni wa Wajerumani wawili, baba na mwana, Bernhard na Michael Grzimek. Baba alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Walikuwa wameshapiga picha Kongo, katika misitu ya Ituri, kwa ajili ya filamu yao iliyotoka mwaka 1956. Baada ya hapo wakataka kuhesabu wanyama wa Serengeti, Tanganyika, kazi ambayo kwa gari ingechukua miaka na kwa miguu isingekwisha. Walihitaji ndege moja yenye kufanya mambo mawili yanayogombana: itoke Ujerumani hadi Afrika ya Mashariki kwa nguvu zake, kupita bahari ya Mediterania na jangwa, na ikishafika iruke polepole juu ya nyumbu, itue popote penye nyasi bapa.

Walinunua Dornier Do 27. Injini moja, mabawa juu ili macho yaone chini na ili majani na mawe yasiyaguse, magurudumu mawili makubwa mbele na dogo nyuma, mkia juu ya udongo. Haikuwa na mbio. Rubani wa safari ndefu kwa kawaida hutamani mbio, kwa maana kila saa angani ni mafuta na uchovu. Wao walikubali kuchelewa njiani ili wasikwame mwishoni. Wote wawili walijifunza urubani, wakaipaka ndege milia ya pundamilia, na Desemba 1957 wakaondoka. Mwanzoni mwa 1958 walihesabu wanyama wakubwa 366,980. Leo wataalamu wana njia bora zaidi, lakini ile ilikuwa hesabu ya kwanza ya aina yake pale.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani wakati tai mbuzi alipogonga bawa. Ndege ilianguka, naye akafa akiwa na miaka 24. Amezikwa juu, ukingoni mwa Ngorongoro. Ndege ilikuwa imechaguliwa vizuri. Tai hakuwemo katika hesabu.

Sasa turudi Goma, mahali ambapo hesabu hizo huanza na hewa yenyewe.

Hewa ya juu ni nyepesi. Bawa hupata pa kushikilia padogo, panga la mbele huvuta kidogo, na injini ya esansi isiyosaidiwa hupoteza kiasi cha asilimia 3 za nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Marubani wana kanuni ya mkono: kwa kila mita 300 juu ya bahari, ongeza asilimia 10 kwenye urefu wa kukimbia kabla ya kuruka, kwa kila digrii 10 za joto zaidi ya kawaida, ongeza asilimia 10 nyingine. Ndege inayotaka mita 500 Mombasa itataka karibu mita 800 Goma, na hiyo ni asubuhi penye ubaridi. Ukiongeza uzito kwa asilimia 10, njia inarefuka kwa asilimia 20 hivi. Kwa hiyo mfuko mmoja wa ziada unaoingizwa kwa urafiki mlangoni si jambo dogo. Rubani anayekataa mfuko huo hana roho mbaya.

Halafu mafuta. Ndege ndogo za zamani, Cessna 206 kwa mfano, yenye viti sita, hunywa esansi maalumu ya ndege. Esansi hiyo imekuwa adimu na ghali katika sehemu kubwa ya Afrika, huja kwa mapipa kutoka mbali, na kiwanja kisicho nayo ni kiwanja ambacho huwezi kuondokea. Ndege zenye injini za tabini hunywa mafuta yanayofanana na petroli ya taa ya nyumbani, yaliyosafishwa zaidi, yale yale ya ndege kubwa. Palipo na Boeing, pana mafuta hayo. Hili pekee, kuliko uzuri wowote wa chombo, ndilo lililoifanya Cessna Caravan kuwa ndege ya wamisheni, ya mashirika ya misaada na ya wafanyabiashara kutoka Juba hadi Kalemie. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982. Ina injini moja ya tabini, mwendo wa kilometa 300 kwa saa hivi, na haidai lami.

Chukua safari ya Goma hadi Bunia, kilometa zisizofika 380 kwa njia ya ndege. Bunia ukikosa mafuta, lazima ubebe ya kwenda na kurudi. Saa mbili na nusu angani, lita 200 hivi kwa saa, pamoja na akiba ya kuzunguka mvua: lita 650, yaani kilo zaidi ya 500. Caravan kubwa ina uwezo wa kubeba kilo 1,600 hivi kwa jumla. Zinabaki 1,100 kwa rubani, watu na mizigo. Mtu mmoja na mfuko wake ni kilo 90 au 100. Ndege ina viti zaidi ya kumi, lakini siku hiyo abiria ni kumi na hakuna gunia. Akipanda wa kumi na mbili, ama mafuta yamepungua ama kuna mtu amedanganya mizani.

Katika miaka ya vita, wafanyabiashara wa Kivu walichagua ndege zao kwa mizani ya aina nyingine. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, ndege za huko ziliuzwa rahisi, na marubani wake walikuja pamoja nazo. Let 410 ya Waczech, viti 19. Antonov 28, viti 17. Zote zina injini mbili zinazokunywa mafuta ya tabini, zote zina mabawa juu na miguu migumu. Zilitengenezwa kwa viwanja vya theluji na matope ya kwao, na zikakuta Kivu ina matope ya kutosha.

Wilaya ya Walikale ndipo uchaguzi huo ulionekana wazi. Kutoka Goma ni kama kilometa 130 kwa ndege, nusu saa. Kwa barabara kupitia Sake na Masisi, gari linaweza kulala njiani siku nyingi, na kuna miaka ambayo halikupita kabisa. Kasiteriti ilipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapagazi waliibeba kwa vichwa na migongo siku mbili ndani ya msitu hadi Njingala, penye barabara. Karibu na hapo, Kilambo, palikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichonyooka. Hicho ndicho kilichokuwa uwanja. Askari walisimamisha pikipiki na watembea kwa miguu, ndege ikashuka katikati ya miti, ikapakua chumvi, sabuni, bia na nguo, ikapakia magunia ya mawe, tani mbili karibu, ikageuka na kuondoka Goma. Kisha pikipiki zikaendelea.

Hakuna Boeing ingeweza hilo. Na Gipsy Moth ya Bi Wilson isingebeba hata gunia mbili. Let na Antonov zilikuwa jibu sahihi kwa swali la barabara ile, jambo linalouma kidogo kulikubali, maana faida ya mawe yale iliwafikia wenye bunduki kabla ya kumfikia mpagazi. Septemba 2010 serikali ilipopiga marufuku uchimbaji, ndege za Kilambo zilipungua, na waliohisi haraka ni akina mama wa Walikale: chumvi ilikuwa inakuja kwa ndege ile ile.

Abiria wa Goma, kwa upande wake, alichagua kidogo sana. Mwenye beji ya shirika alipanda ndege za Umoja wa Mataifa au za misaada, zenye ukaguzi. Asiye na beji alipanda iliyokuwepo. Kampuni za ndege za Kongo zimekatazwa anga ya Ulaya tangu 2006, lakini mama anayekwenda kuzika Beni haendi Ulaya.

Na uwanja wenyewe ulikuwa umeshajeruhiwa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka juu ya barabara ya kurukia na kupita katikati ya mji hadi ziwani. Karibu kilometa moja ya barabara hiyo ilifunikwa. Kati ya mita 3,000 zikabaki kama 2,000. Kwa Caravan hilo si kitu. Kwa ndege kubwa, mita 1,500 juu ya bahari, lilikuwa tatizo la kila siku. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa barabara na kuingia Birere, katika soko na nyumba. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao hawakuwa na tiketi. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapika. Kazi ya kuondoa lava na kutengeneza uwanja ilikwenda kwa vipande miaka mingi, na mwaka 2015 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 52 kwa usalama wake.

Wakaaji wa mitaa jirani waliamua basi kwamba hatari ni ndege kubwa. Tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi ya Jumapili, Dornier 228 iliyokuwa inakwenda Beni na watu 19 ilianguka dakika chache baada ya kuruka, juu ya nyumba za Mapendo. Waliokufa walizidi 20, wa ndani na wa chini. Wengi wa abiria wale walikuwa wameikimbia barabara ya Rutshuru na Kanyabayonga kwa kuogopa kutekwa. Dornier ile ni mjukuu wa ndege ya akina Grzimek, kiwanda ni kile kile, na kwenye karatasi ilikuwa na kila sifa: injini mbili, viti 19, barabara fupi inaitosha. Ndege nzuri kwenye karatasi huzeeka kama gari lolote, na fundi, vipuri na ukaguzi havimo katika bei ya kuinunua.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris kuhusu Maziwa Makuu, Rais Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa safari za misaada, kwa ndege ndogo. AFC/M23 wanaoushika mji walijibu kwamba tangazo hilo liko mbali na hali halisi. Kwa familia zilizohama Masisi, Rutshuru na Walikale, ambazo kambi zao za kandokando ya mji zilikuwa zimebomolewa na wengi wao kurudishwa au kuhama tena, maana ya maneno hayo ilikuwa dawa, chanjo na damu ya kuongezewa wagonjwa: mizigo myepesi inayoharibika upesi, ambayo Caravan huibeba vizuri kuliko lori.

Kwa ndege hiyo, hata mita 2,000 zilizobaki baada ya lava ya 2002 zinatosha na kubaki. Ingetua na kusimama kabla ya kufika katikati. Yaliyokuwa yakingojewa siku ile ni mnara wenye watu wa kuuendesha, redio za kuongozea marubani, kusafisha mabomu yaliyoachwa na mapigano, na sahihi za pande mbili zenye silaha.